Piaf, Aya na wale wanaolinda geti la muziki wa Kifaransa

Wazee wangu shikamooni, vijana mambo vipi, na asanteni sana kwa kuja na hii mvua na foleni yake. Nimeombwa niongee kuhusu muziki wa Wafaransa na hili suala la asili, yaani nani ana haki ya kusema huu ni wetu na yule ni mgeni tu, na mi nimekubali haraka kwa sababu ni jambo linaloniuma, nimeishi na santuri za Kifaransa tangu ujana na kila nikisikia mtu anasema "muziki halisi wa Ufaransa" najiuliza anaongelea santuri gani hasa.

Twende moja kwa moja kwenye mwaka 2024. Mwishoni mwa Februari gazeti la L'Express likaandika kwamba Rais Macron ameongea na mwanadada Aya Nakamura kuhusu kuimba kwenye ufunguzi wa Olimpiki za Paris, na kwamba huenda akaimba wimbo wa Édith Piaf, yule gwiji wa nyimbo za Kifaransa wa zamani. Hapo hakuna kilichothibitishwa, ni habari ya gazeti tu, lakini moto ukawaka. Machi kikundi cha vijana wa mrengo mkali wa kulia kikatundika bango kando ya mto Seine, ujumbe wake ni kwamba haiwezekani Aya, hapa ni Paris, sio soko la Bamako. Kwenye mkutano wa chama cha Éric Zemmour, mwanasiasa wa mrengo huohuo, jina lake likatajwa, watu wakazomea. Matusi ya ubaguzi yakamiminika mitandaoni mpaka mwendesha mashtaka wa Paris akafungua uchunguzi.

Sasa huyu Aya ni nani? Kazaliwa Bamako mwaka 1995, familia ya magrioti, wale watunza historia na waimba sifa wa Afrika Magharibi, kwa hiyo kuimba kwao ni urithi wa ukoo kabisa. Akapelekwa Ufaransa akiwa mtoto mdogo sana, kakulia Aulnay-sous-Bois, kitongoji cha kaskazini mashariki mwa Paris. Mwaka 2018 akatoa Djadja, na ule wimbo ukavuka mipaka ambayo nyimbo za Kifaransa zilikuwa hazivuki tena, Uholanzi ulikaa namba 1, na mara ya mwisho mwanamke anayeimba Kifaransa kufika pale ilikuwa mwaka 1961, na huyo mwanamke alikuwa Piaf. Naomba hilo mlishike vizuri. Watu wanasema Aya asimguse Piaf, wakati sokoni, huko nje ambako Kifaransa kinahitaji kusikika, aliyekalia kiti cha Piaf baada ya miaka karibu 60 ni yeye.

Na kwenye ufunguzi wenyewe, tarehe 26 Julai, hakuimba Piaf. Alitokea kwenye mlango wa Institut de France, nyumba ya Académie française, wale wazee wanaotunza kamusi, akashuka na mavazi ya dhahabu, akakutana darajani na bendi ya Garde républicaine, askari kabisa na sare zao, akaimba za kwake akachanganya na wimbo wa mkongwe Charles Aznavour, wanajeshi wanapiga na wengine wanacheza. Aliyeimba Piaf usiku ule, juu ya mnara wa Eiffel, alikuwa Céline Dion. Céline Dion ni Mkanada! Ni wa Quebec, hajawahi kuwa Mfaransa, na hakuna hata bango moja lililotundikwa kumwambia arudi Montreal. Mi nampenda sana Céline na alivyoimba usiku ule akiwa anaumwa nililia, sina neno naye. Ninachosema ni kwamba hapo ndipo unapoona geti linalindwa dhidi ya nani, maana kama tatizo lingekuwa utaifa basi wa kwanza kuzuiwa angekuwa yeye.

Halafu tuje kwa Piaf mwenyewe, maana anatumiwa kama bendera. Kazaliwa Paris 1915, jina Édith Giovanna Gassion. Giovanna hiyo mnaisikia? Mama yake alizaliwa Livorno, Italia. Bibi yake mzaa mama ni wa ukoo wa Waberiberi wa Afrika Kaskazini, watu wa sarakasi, na ndiye aliyemlea kwa muda akiwa mdogo. La Vie en rose, ule ambao mtalii yeyote akifika Paris anausubiri kwenye kila kona, muziki wake umesajiliwa kwa jina la Louiguy, na huyo ni Louis Guglielmi, mzaliwa wa Barcelona wa familia ya Kiitalia. Milord, maneno ni ya Georges Moustaki, kazaliwa Alexandria, Misri, wazazi Wayahudi wa Kigiriki. Kwa hiyo hata angeimba Piaf, Aya angekuwa anaimba kazi ya mjukuu wa Waberiberi, mzaliwa wa Barcelona na mzaliwa wa Alexandria. Wale vijana wa bango walikuwa wanamlinda Piaf ambaye hajawahi kuwepo.

Na msidhani nimechagua mmoja wa pekee. Aznavour alizaliwa Shahnour Aznavourian, mtoto wa Waarmenia waliokimbia, na mwanzoni wakosoaji walimsema vibaya mno, sauti mbaya, kimo kifupi, sura haifai jukwaa, lakini alipofariki Oktoba 2018 Jamhuri ikampa heshima za kitaifa pale Les Invalides. Yves Montand ni Ivo Livi wa Italia. Dalida kazaliwa Cairo, Claude François kazaliwa Ismaïlia, huyo ndiye mwenye Comme d'habitude ya 1967 ambayo Paul Anka, mzaliwa wa Kanada, aliiandikia maneno ya Kiingereza ikawa My Way. Ile picha maarufu ya Januari 1969, Brel, Brassens na Ferré wamekaa meza moja na sigara zao, wale wanaoitwa nguzo tatu za chanson, ule wimbo wa Kifaransa wa mashairi: Brel ni Mbelgiji, Ferré kazaliwa Monaco, Brassens mama yake wa asili ya Kiitalia. Josephine Baker ni Mmarekani mweusi wa St. Louis, akafika Paris 1925, na mwaka 1930 akaimba J'ai deux amours, muziki wa Vincent Scotto, mtu wa Marseille wa asili ya Napoli. Leo Baker anaenziwa Panthéon, jengo la mashujaa wa Ufaransa, aliingizwa kwa heshima Novemba 2021.

Orodha ya namna hii kila mtu anaweza kuitoa, na watu wa upande ule wana jibu lake, wanasema hao wote walikuja "wakawa" Wafaransa, wakafuata muziki uliokuwepo, wakati hawa wa leo wanaleta muziki wao. Hapo ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu si kweli hata kidogo, na ushahidi mzuri kuliko wote ni kodiani.

Kodiani! Ukitaka kutengeneza filamu na watu wajue tuko Paris unaweka kodiani tu, basi, sekunde tatu inatosha. Imefikaje pale? Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa Auvergne, milima ya katikati ya Ufaransa, walihamia Paris kwa wingi kutafuta maisha, wakabeba maji, wakauza makaa, wakafungua vibaa vidogo mtaa wa rue de Lappe na kando kando ya Bastille. Walikuja na ala yao inaitwa cabrette, zumari la mfuko wa ngozi, na Jumapili wakicheza ngoma zao za kijijini. Wakati huohuo Waitalia nao wanaingia, vibarua, mafundi, na wao wana kodiani. Na Waitalia hawakupendwa, mwaka 1893 kule Aigues-Mortes kusini, kwenye mashamba ya chumvi, vibarua wa Kiitalia waliuawa na umati, hii ni historia iliyoandikwa. Sasa kwenye vile vibaa vya Paris Waauvergne wengine hawakutaka kabisa kodiani iingie, wakaona ni kelele ya wageni inayokuja kuua zumari lao. Ni maneno yaleyale ya bango, ndugu zangu, miaka zaidi ya 100 kabla. Lakini palikuwa na mpiga cabrette hodari, Antoine Bouscatel, ana baa yake rue de Lappe, akakubali kupiga na kijana wa Kiitalia, Charles Péguri, na kodiani yake, na baadaye Péguri akamuoa binti wa Bouscatel. Ndoa hiyo ndio musette, ule muziki wa dansi wa kodiani wa Paris. Zikaingia waltz, zikaingia tango kutoka Argentina, wakaingia Wamanouche, wale Wajipsi wa mikokoteni, na Django Reinhardt, gwiji wa gitaa la jazz aliyezaliwa Ubelgiji, alianza akiwa kijana mdogo kupiga banjo nyuma ya wapiga kodiani kabla hajawa Django tunayemjua.

Kwa hiyo sio kwamba wageni walikuja wakajiunga na sauti ya Paris. Sauti ya Paris ilipatikana pale walipogombana na kuoana kwenye baa. Zumari la Auvergne, lile ambalo ndio lilikuwa "la kwetu", leo ukilipiga mbele ya Mparisi wa kawaida atakuuliza hiyo ni nini, na kodiani ya mgeni ndio imekuwa kitambulisho. Watu wanasahau ndani ya vizazi viwili tu. Wanaolinda asili wanalinda kile kilichokuwepo walipokuwa watoto, na wanaamini kwa moyo mmoja kwamba kilikuwepo siku zote.

Sasa nieleze msimamo wangu maana sitaki mtu aondoke hapa akidhani nasema asili haina maana, kila kitu ni mchanganyiko, tucheze tu. Hapana. Mi naamini kuna kitu cha kulinda. Naamini lugha inalindwa. Nchi ikiacha redio zake zipige Kiingereza asubuhi mpaka usiku, baada ya muda watoto wataona lugha yao haifai kuimbia mapenzi, na hilo ni pigo. Kwa hiyo sheria ya kota ya Ufaransa mi naiunga mkono wazi wazi.

Sheria yenyewe ilipitishwa tarehe 1 Februari 1994 na ikaanza kufanya kazi Januari 1996. Redio inayopiga muziki wa kawaida lazima asilimia 40 ya nyimbo ziwe za Kifaransa au za lugha ya jimbo inayotumika Ufaransa, na nusu ya hizo ziwe za vipaji vipya au kazi mpya, muda ambao watu wanasikiliza kweli, sio saa 9 usiku. Redio zililalamika sana, zikasema hazina nyimbo za kutosha. Na lengo la waliotunga, tusifiche, lilikuwa kuzuia Waanglo-Saksoni, yaani muziki wa Kiingereza, na ukiwauliza wengi wao wakati ule wangekuambia wanafikiria chanson, gitaa, mashairi.

Kilichotokea ni tofauti. Nusu iwe mpya, na Kifaransa, na vijana waisikilize, hizo nyimbo zilikuwa wapi? Zilikuwa vitongojini! MC Solaar alishafungua njia 1990 na Bouge de là, na Solaar ni Claude M'Barali, kazaliwa Dakar wazazi wake wa Chad, kijana anayecheza na Kifaransa kwa upole na ustadi mpaka walimu wa lugha wakampenda. Yakaja makundi ya rap, IAM wa Marseille, NTM wa Saint-Denis. Kituo cha Skyrock kikajigeuza redio ya rap, na 1997 IAM wakatoa L'école du micro d'argent ikauza zaidi ya nakala milioni 1. Sheria iliyowekwa kulinda Kifaransa ikakilinda kweli, na waliokuja kukibeba walikuwa watoto wa Waalgeria, wa Wakomoro, wa Wasenegali, wa Wakongo, kwa sababu ndio waliokuwa wanaandika Kifaransa kipya kila siku bila kuombwa. Ukiangalia leo Ufaransa ni kati ya nchi za rap zenye nguvu kabisa duniani na inarap kwa lugha yake. Nchi nyingi za Ulaya zingetamani.

Na angalia uzuri wa sheria hii, ndio maana naipenda. Haiulizi umezaliwa wapi. Haiulizi babu. Inauliza unaimba kwa lugha gani, basi. Daft Punk, vijana wa Paris, waliitingisha dunia 2013 na Get Lucky, wakabeba Grammy ya albamu ya mwaka Januari 2014, na kwa kota ya Ufaransa Get Lucky haihesabiki kwa sababu ni Kiingereza. Djadja inahesabika. Bendi ya Kassav' wakiimba Kikrioli cha Guadeloupe na Martinique, visiwa vya Ufaransa huko Karibiani, wanahesabika, kwa sababu kile nacho ni lugha ya jimbo la Jamhuri, kama Kibretoni cha Alan Stivell. Sasa niambieni, ni lini mliona bango kando ya Seine linawaambia Daft Punk haiwezekani, hapa ni Paris sio klabu ya Chicago? Mwaka 2008 mbunge mmoja alilalamika bungeni kwamba mwimbaji Sébastien Tellier anakwenda Eurovision, mashindano ya nyimbo ya Ulaya, na wimbo wenye Kiingereza kingi, hilo lilikuwa lalamiko la lugha, nalielewa, naliheshimu, na hakuna aliyesema Tellier sio Mfaransa. Kwa Aya walisema. Mtu anayeimba Kifaransa anaambiwa sio Mfaransa, mtu anayeimba Kiingereza haambiwi. Kwa hiyo lile geti halijawahi kuwa la lugha.

Najua kuna wanaosema Kifaransa chake ni kibovu, mseto wa maneno ya mtaani, maneno ya Bambara, maneno ya Abidjan, maneno yaliyogeuzwa nyuma mbele, hata Mfaransa mwenyewe hapati. Nimesikia hii hoja mpaka kwa watu ninaowaheshimu. Piaf naye aliimba lugha ya mitaani ya Belleville na Pigalle, Brassens alijaza matusi ya zamani kwenye mashairi yake na baadhi ya nyimbo zake hazikupigwa redioni, na leo anafundishwa shuleni. Lugha ya mtaani ikishakaa miaka 50 inaitwa utamaduni. Mi sisemi kila mstari wa Aya ni shairi, nasema tu kwamba mashtaka haya ni ya zamani sana na washtakiwa wa kwanza leo wana mitaa na shule zenye majina yao.

Kuna matukio mawili nataka kuyaweka hapa, la kwanza nitalipita haraka. Mwaka 1986, serikali ya Ufaransa inataka kubana sheria ya uraia, kikundi cha Lyon kinaitwa Carte de Séjour, yaani kibali cha kuishi cha mgeni, mwimbaji Rachid Taha mzaliwa wa Algeria, wakachukua Douce France ya Charles Trenet, wimbo wa 1943 wa wakati wa uvamizi wa Wajerumani, wimbo wa kijiji na mnara wa kanisa na utoto, wakaupiga kwa mahadhi ya Kiarabu na roki. Hawakubadilisha maneno. Jack Lang, aliyekuwa waziri wa utamaduni, akagawa santuri hiyo kwa wabunge. Maneno yaleyale ya kuipenda nchi, kutoka mdomo wa Taha watu wakaona ni matusi. Hilo peke yake linatosha kuandikiwa kitabu.

La pili ni Gainsbourg na hili halipitwi haraka. Serge Gainsbourg, yaani Lucien Ginsburg, mtoto wa Wayahudi waliotoka Urusi, mtu ambaye akiwa kijana wakati wa vita alivalishwa ile nyota ya njano. Mwaka 1979 akaenda Kingston, akarekodi na Sly Dunbar na Robbie Shakespeare, waitikiaji ni I Threes, wale wanawake waliokuwa wakimwitikia Bob Marley, na akaugeuza wimbo wa taifa, La Marseillaise, kuwa rege. Juni mwandishi Michel Droit akamshambulia kwenye Le Figaro Magazine, na kwenye shambulio lile akaingiza Uyahudi wake, kwamba watu kama hawa ndio wanaosababisha chuki dhidi yao. Nikisoma maneno yale mpaka leo mwili unanisisimka. Januari 4, 1980, Gainsbourg yuko Strasbourg kwa shoo, askari wa miavuli wakaujaza ukumbi, vitisho vya bomu, wanamuziki wa Jamaika hawakupanda jukwaani. Akatoka peke yake. Hana bendi. Akawaambia yeye ni mwasi aliyeirudishia Marseillaise maana yake ya mwanzo, akainua ngumi, akauimba bila ala yoyote, mahadhi ya kawaida ya taifa, na wale askari wakalazimika kusimama wima na kupiga saluti kwa sababu ndio kanuni ya wimbo wa taifa! Na Strasbourg ndio mji ambao wimbo huo ulitungwa, 1792, na Rouget de Lisle. Desemba 1981 Gainsbourg akaenda mnadani akainunua nakala ya wimbo huo ulioandikwa kwa mkono wa Rouget de Lisle mwenyewe. Leo hakuna anayebisha kwamba Gainsbourg ni hazina ya Ufaransa.

Sasa tusogee kwetu kidogo maana uzi wenyewe unafika hapa. Wazee mnamkumbuka Tabu Ley. Desemba 1970 alipiga Olympia ya Paris, ukumbi uleule wa Piaf, na wakati ule jina lake lilikuwa Rochereau, jina alilopachikwa shuleni kutokana na afisa Mfaransa Denfert-Rochereau. Mwaka mmoja baadaye Mobutu akageuza Kongo kuwa Zaire, 1972 majina ya Kikristo na ya Kizungu yakapigwa marufuku, na sera hiyo iliitwa nini? Authenticité. Rochereau akawa Tabu Ley, Franco akawa Luambo Makiadi kamili na marefu yake yote. Lakini rumba yenyewe waliyokuwa wanapiga kwa jina la asili ilikuwa imerudi Kongo kutoka Kuba kwenye santuri, gitaa za umeme, tarumbeta, na ilikuwa nzuri kupindukia na ilikuwa ya Wakongo bila shaka yoyote. Serikali ikabadilisha majina, mahadhi hayakuhitaji ruhusa. Kwa hiyo msinielewe kwamba ni ugonjwa wa Wafaransa tu. Dola yoyote ikianza kugawa vyeti vya asili, hata dola yetu ya Kiafrika, itaanza na majina ya watu na itaishia kuwachagua watu.

Na sasa sikilizeni. Tabu Ley ana mtoto, Youssoupha, kazaliwa Kinshasa 1979, akapelekwa Ufaransa akiwa bado mtoto, akawa rapa, na kwa maoni yangu ni mmoja wa waandishi wazuri kabisa wa Kifaransa cha kizazi chake. Mwaka 2012 alitoa wimbo kuhusu santuri za baba yake na mzee mwenyewe Tabu Ley yumo ndani. Mei 2021 timu ya taifa ya soka ya Ufaransa inajiandaa na Euro, wakatumia wimbo wake kwenye kutambulisha kikosi, na wanasiasa wa Rassemblement National, chama cha mrengo mkali wa kulia, wakaja juu, rapa gani huyu, hawakilishi Ufaransa. Miaka mitano kabla, Mei 2016, rapa Black M alipangiwa kuimba Verdun kwenye kumbukumbu ya miaka 100 ya mapigano ya pale ya Vita ya Kwanza ya Dunia, kelele za mrengo mkali zikawa kubwa mpaka shoo ikafutwa. Black M kazaliwa Paris, wazazi wa Guinea, na alieleza kwamba babu yake alipigana kwenye jeshi la Ufaransa, kwenye vikosi vya tirailleurs, askari wa kutoka makoloni, vita vya 1939 mpaka 1945. Babu aliruhusiwa kwenda kuipigania Ufaransa, mjukuu haruhusiwi kuimba kwenye kumbukumbu. Mi hapo sina utulivu wa mzungumzaji, naomba mnisamehe sauti ikipanda.

Kuna jambo moja limebaki na linahusu wenye muziki wenyewe, kwa sababu na wao wanabanwa upande wa pili. Wasanii hawa wanaambiwa na Ufaransa kwamba ni Waafrika mno, na wakija Bamako au Kinshasa wapo wanaowaambia wamekuwa Wazungu. Gaël Faye kazaliwa Bujumbura, baba Mfaransa mama Mnyarwanda, albamu yake ya 2013 ameiita Pili Pili sur un Croissant au Beurre, pilipili juu ya mkate wao wa siagi, na mtu wa Buja au wa Kigoma hahitaji kutafsiriwa nusu ya kwanza. Kassav' walianzia Paris 1979, waliimba Kikrioli wakati wakubwa wa kampuni za muziki wanawashauri waimbe Kifaransa ili wauze, wakakataa, na 1984 zouk ikalipuka, ikafika mpaka huku, ikakaa ndani ya bongo fleva mpaka vijana wakawa wanaiita zouk bila kujua imetoka Guadeloupe. Jacob Desvarieux wa Kassav' alifariki Julai 2021 na Antili nzima, vile visiwa vya Karibiani, ililia, na Dakar, na Luanda, na Abidjan. Hao hawakuomba cheti kwa mtu. Walipiga mpaka waliokuwa wanauliza maswali wakawa wanacheza.

Nimesema ya kutosha, koo limekauka. Fundi mitambo ameshika santuri nne, tutaanza na Kassav' ya 1984, halafu Carte de Séjour, halafu Solaar, halafu Bouscatel ili msikie lile zumari, na baada ya hapo kipaza sauti ni chenu. Ila naomba wa kwanza kuongea wawe wale wanaopinga kota ya redio, najua mpo humu ndani na wengine mnafanya kazi redioni, njooni mbele mniambie ni kwa nini asilimia 40 isiwezekane.